Mwenyekiti wa Mlangoni

Kawajense nzima, mtaa wa mji wa Mpanda, ilivijua viatu vya Gaudensia, lakini miguu yake haikuijua. Vilikuwa raba nyeusi za kiume, zimemzidi namba mbili, ndani amezishindilia vipande vya sponji alivyovikata kwenye godoro kuukuu. Alilimia hizo, alikwenda nazo sokoni, kanisani na msibani, na zikilowa mvua alikuwa na jozi nyingine ya namna hiyo hiyo chini ya kitanda. Watoto wa jirani waliwahi kubishana kama analala nazo. Alikuwa analala bila, ila hakuna aliyepewa nafasi ya kuthibitisha.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Ana. Jumuiya husali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi, na kwenye nyumba ya mtu unavua viatu. Gaudensia havui. Kwa hiyo kwa miaka kumi na minne aliongoza akiwa amekaa kwenye kigoda kizingitini, raba ziko nje, yeye yuko ndani kuanzia magotini kwenda juu. Vijana wakamwita Mwenyekiti wa Mlangoni. Alijua, akanyamaza, kwa sababu hao hao waliombatiza jina hilo walikuwa bado wanaogopa kumsalimia bila kuinama.

"Nina baridi ya miguu," ndivyo alivyokuwa akisema. Mpanda ya mwezi wa kumi, jua limesimama utosini, mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya umeme, na Gaudensia, Mama Fredi, ana baridi ya miguu.

Ukweli ulikuwa ndani ya raba. Kucha za Gaudensia hazikulala juu ya vidole kama za watu wengine. Zilisimama. Zilikuwa nene kama pembe za mbuzi mchanga, za manjano inayoelekea weusi, na kila moja imebinukia upande inaoutaka. Chini, kwenye nyayo, ngozi ilikuwa imejijenga tabaka juu ya tabaka, kisiginoni na chini ya vidole. Ingekuwa ngumu tu, afadhali. Iliuma. Siku za joto ilitoa malengelenge chini kwa chini, akawa anakanyaga kama mtu anayepita juu ya changarawe zilizotoka motoni. Kucha za mikono zilimhurumia, isipokuwa za vidole gumba viwili, na hivyo alivificha ndani ya kitenge na kusema jembe lilimpiga.

Alizaliwa hivyo. Baba yake, mzee Felisiani, alikuwa hivyo, na mama yake Felisiani vile vile. Katika watoto wanne wa Gaudensia mwenyewe, watatu walichukua miguu ya baba yao, na Fredrick, wa kwanza, ndiye aliyerithi. Huyo yuko Dar es Salaam anaendesha lori la mchanga na buti mguuni. Mwaka 2016 madaktari wa ngozi walipita Mpanda kwa wiki moja, Gaudensia akaenda, akaingia wa mwisho makusudi. Daktari, msichana mdogo mwenye miwani, akamwambia kwamba ni ugonjwa wa kuzaliwa nao unaotembea kwenye damu ya ukoo, watu walio nao ni wachache sana duniani, hauambukizi, na dawa ya kuumaliza bado haijapatikana. Aloweke miguu, apunguze kucha na ngozi, avae kiatu laini. Katika yote hayo Gaudensia alirudi nyumbani ameshika jambo moja: wachache sana duniani. Alitembea nalo wiki nzima kama mtu aliyepewa cheo. Lakini viatu hakuvua.

Hakuvua kwa sababu ya darasa la pili. Mwaka 1962, shule ya msingi kijijini kwao Upimbwe, watoto wote wakiwa miguu peku, wenzake walimwita Kwato. Alimaliza darasa la saba akiwa wa tatu kwa hesabu na bado ni Kwato. Waliomwita hivyo anawakumbuka mmoja mmoja, kwa jina lake na la baba yake, na wengi wao amewazika, akiwa na raba.

Ukimtoa daktari yule, mtu mmoja tu nje ya ukoo aliwahi kuiona miguu ile kwa ridhaa yake. Siku ya pili ya ndoa yao, mwaka 1974, asubuhi, mumewe Ambrosi, kibarua wa reli, alimkuta uani ameiloweka kwenye beseni. Hakukimbia. Alichutama akaitazama kwa utulivu kama anayekagua mataruma ya reli.

"Gaude," akasema, "hizi si za wembe."

Akaenda kuleta tupa yake ya kunolea msumeno. Tangu hapo, kila Jumamosi jioni kwa miaka thelathini na minane, Ambrosi aliupakata mguu wa mkewe akapiga tupa, huku akilalamika kwamba wenzake wameoa wanawake, yeye ameoa karakana. Alipofariki, tupa ikabaki. Gaudensia akajifunza kujipinda, na kiuno chenyewe kilikwisha kukataa kupindwa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Kwaresima ya mwaka jana, Padre Gaspar, paroko, alipotangaza kwamba safari hii watakaooshwa miguu Alhamisi Kuu si wazee wa kuokotwa kwenye mabenchi. Parokia ina jumuiya kumi na mbili, na mitume walikuwa kumi na wawili. Kila jumuiya ilete mwenyekiti wake, awe mume, awe mke.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali kwa Scolastica. Huyu alikuwa makamu mwenyekiti, nyumba ya tatu kutoka kwa Gaudensia, na kati yao kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyejua ni lipi. Hawakugombana hata siku moja. Walisalimiana kwa ukamilifu wa kutisha. Na Scolastica alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe, wa sakafu. Mwaka 2005 nyumba yake ilikuwa ya udongo chini. Akamwaga saruji. Saruji ikazeeka, akatandika kapeti la plastiki lenye maua. Mwaka juzi akaweka marumaru nyeupe, kwenye nyumba ambayo choo chake hadi leo kina mlango wa gunia. Kila sakafu mpya aliita jumuiya ije isali, na kila mara Gaudensia alikaa kizingitini.

"Alhamisi Kuu si mbali," Scolastica akasema siku hiyo, macho yake yakiwa kwenye raba. "Mwenyekiti akiwa na baridi ya miguu, mimi makamu nipo. Maji ya sakristia hayachemshwi."

Watu wakacheka kwa adabu, mikono mdomoni.

"Mama Wiliam, asante kwa huruma yako," akajibu Gaudensia. "Miguu yangu imeshapona."

Haikuwa imepona. Alirudi nyumbani akizihesabu siku zilizobaki, akapata kumi na mbili, moja kwa kila mtume.

Siku zikaenda. Jumatano ya Wiki Kuu, tupa mkononi na kiuno kikimwadhibu, akasikia chupa zinagonganishwa njiani. Alikuwa mmoja wa vijana wanaozunguka mitaani na kikapu cha rangi za kucha na kistuli, wakipaka wanawake kucha huko huko majumbani. Huyu aliitwa Danford, alitoka Ilembo, na Kawajense hakuwa na sifa nyingine ila kwamba hakuna aliyemjua. Kwa Gaudensia hiyo ilitosha.

"Wewe," akaita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ingia uani. Rudisha mlango. Una ndugu huku Kawajense?"

"Sina, bibi."

"Mchumba?"

"Nilikuwa naye, tumeachana."

"Vizuri. Keti."

Akavua raba. Danford alitazama, akaweka kikapu chini taratibu, akatazama tena.

"Bibi, samahani kwa kuuliza. Hizi ni fangasi?"

"Fangasi ni za kwenu. Hizi ni za ukoo."

"Basi ukoo wenu hauna mchezo."

Kikata kucha chake kilidumu kidole kimoja, kikapinda. Gaudensia akamsogezea tupa. Danford alipiga tupa kwa saa mbili nzima, akavua shati, vumbi la kucha likatanda miguuni pake kama unga wa kinu.

"Bibi, mimi kazi ya kucha naijua. Huu ni useremala."

"Aliyekutangulia aliifanya miaka thelathini na minane na shati lake mwilini."

Ikaja rangi. Gaudensia alitaka isiyoonekana. Danford akapaka ile ya maji, kucha zikang'aa kama pembe iliyopakwa mafuta, zikaonekana kuliko mwanzo. Akaifuta, akajaribu ya waridi mpauko, ikawa kama matope ya kiangazi. Wakaangaliana.

"Inayofunika ni nyekundu tu," akasema Danford.

"Nyekundu kiasi gani?"

"Nyekundu kabisa, bibi."

Gaudensia akafikiri. Kutoka kwenye mabenchi watu wangeona wekundu, wasione umbo. Akaona akili yake ni njema. Alikuwa ameogopa jambo moja kwa zaidi ya miaka sitini, kwa hiyo hakubakiwa na woga wa kuogopea jambo lingine, na Kwaresima haikumjia kichwani hata kidogo.

"Paka miguu yote miwili," akasema. "Sijui Padre atashika upi."

Chupa nzima ikaisha, na Danford akamwachia namba yake ya simu.

"Na ukisema kwa mtu..."

"Bibi, mguu wa mteja ni kama maungamo."

Alhamisi jioni wale kumi na wawili wakakaa mbele ya altare. Kila mmoja alikuwa amejisugua nyumbani kwa jiwe na sabuni hata Padre akawa hana cha kuosha. Alipofika kwa Gaudensia alipiga magoti, akaushika mguu wa kulia, na yeye peke yake, kwa ukaribu ule, akaona umbo lililokuwa chini ya rangi. Akabadilisha tu namna ya kushika kisigino, kama mtu aliyepokea yai. Gaudensia akashusha pumzi iliyokuwa kifuani tangu Jumapili ya Matawi.

Kisha Padre akauinua mguu ili aufute, na kanisa zima likaona.

Kucha tano, nyekundu kama pilipili mbivu, mguuni kwa mjane wa miaka sabini na moja, Wiki Kuu. Kwaya ikapoteza sauti ya pili. Doto, aliyekuwa anaiongoza sauti hiyo na ni mwanajumuiya wa Mtakatifu Ana, alikuwa amesahau kufunga mdomo lakini hakuna kilichotoka.

Gaudensia alirudi nyumbani amefurahi. Hakuna aliyesema Kwato. Ilikuwa Pasaka yenyewe, getini pa kanisa, mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alipomwambia, "Hongera, mama, tumekuona ulivyopendeza," kwa sauti ile ya pembeni, na mwingine nyuma yake akanong'ona, "Atakuwa amepata mtu." Hapo ndipo alipoelewa. Akafika nyumbani, akakaa kitandani, akazitazama kucha zake. Danford alikuwa amepaka vizuri mno. Kwa wembe rangi haikutoka.

Jumamosi baada ya Pasaka zamu ilikuwa tena ya Scolastica. Viatu vyote nje, watu wote ndani juu ya marumaru, mwenyekiti kizingitini. Sala ilikwenda haraka kuliko kawaida. Baada ya amina ya mwisho Doto akakohoa.

"Sisi wengine tulifunga siku arobaini," akasema. "Mimi niliacha soda. Halafu mwenyekiti wetu anapanda altareni kama anakwenda kwenye sendofu ya bibi harusi."

"Tupange hoja," akasema mzee Siméon, katibu, aliyezaliwa Burundi akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na ambaye alipenda kanuni kama wengine wanavyopenda nyama. "Kwaresima inakwisha misa ya Alhamisi jioni inapoanza. Kwa hiyo swali la kwanza: rangi ilipakwa saa ngapi?"

"Jumatano," akasema Gaudensia. "Saa nane mchana."

Mzee Siméon akamtazama kama wakili aliyesalitiwa na mteja wake. Akajaribu tena.

"Labda ni mjukuu, alikuchezea umelala."

"Sina mjukuu hapa, mzee Siméon. Na mchana silali. Na hii ni wiki ya Pasaka, sitamsingizia mtoto."

"Mimi rangi siijali," akasema Scolastica. Alikuwa amesimama, na sauti yake haikuwa ile ya salamu. "Ninachojali ni hiki. Mtu kwenye nyumba za wenzake havui kiatu. Mbele ya kanisa anavua, na kucha amezipamba. Maana yake nini? Maana yake sakafu zetu ndizo hazimfai. Basi kama hatumfai, aachie kiti."

"Aachie," wakasema wawili watatu, na mzee Siméon, kwa huzuni, akafungua ukurasa mpya wa daftari ili wapige kura.

Kwa Gaudensia mambo yalikuwa mawili tu. Anyamaze, apoteze kiti, azikwe akijulikana kama bibi kizee aliyejirembesha Wiki Kuu kwa ajili ya mwanamume asiyekuwepo. Au avue. Alimwona Kwato wa darasa la pili amesimama uwanjani, miguu peku. Halafu akaona kalamu ya mzee Siméon inaandika "Ajenda: kumwondoa mwenyekiti," na hiyo ndiyo iliyomwudhi zaidi. Akatoa simu.

"Danford, uko wapi? Njoo kwa Mama Wiliam, nyumba yenye mlango wa kijani. Na ile dawa ya kutolea rangi."

Alifika kwa bodaboda muda si mrefu, kikapu begani. Doto akamdaka mlangoni.

"Wewe ndiye uliyempaka huyu bibi?"

"Huyu? Sijawahi kumwona." Kisha akageuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetunza siri, umetosha. Sasa zitoe."

"Una hakika, bibi?"

Gaudensia akafungua kamba za raba, moja, ya pili. Akasimama kutoka kwenye kigoda, akavuka kizingiti, akaketi katikati ya sebule ya Scolastica kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe, akanyoosha miguu. Danford akafuta kwa pamba, kidole kimoja kimoja. Wekundu ulivyotoka, pembe zikajitokeza, na nyayo zote watu wakaziona.

"Hii si fangasi, si uchawi, na haimrukii mtu," akasema Gaudensia. "Ni ya baba yangu na ya mama yake baba yangu. Daktari alisema tuko wachache sana duniani. Nilipaka rangi ili msizione. Sasa mmeziona. Mwenye neno aseme. Kwato nimeisikia tangu mwaka sitini na mbili, tafuteni jipya."

Mzee Siméon akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Inauma?" akauliza.

Gaudensia alikuwa amejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo. Akafungua mdomo aseme hapana.

"Sana," akasema. "Kisigino cha kushoto kuliko vyote."

Scolastica hakuwa anaitazama miguu. Alikuwa anatazama sakafu.

"Msiba wa mama," akasema polepole. "Mwaka 2005. Ulikaa barazani siku tatu, na wanaume. Wanawake wote walikuwa ndani mkekani."

"Nilikwambia nina baridi ya miguu."

"Ilikuwa mwezi wa kumi, Mama Fredi."

"Najua."

"Nikasema ni kwa sababu ya udongo. Nikamwaga saruji."

"Niliiona."

"Uliionea mlangoni. Nikatandika kapeti."

"La maua."

"Nalo uliliona mlangoni. Marumaru hizi nimeuza ng'ombe, mwenzangu. Nikasema, sasa hata awe nani, ataingia."

Gaudensia akasogeza kisigino cha kushoto, akakilaza chote juu ya marumaru. Akafumba macho kidogo.

"Ni nzuri," akasema. "Zina ubaridi. Kumbe nilichokuwa nacho miaka yote ni joto la miguu."

Aliyeanza kucheka ni Scolastica. Alicheka hadi akakaa chini, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na kwa namna alivyojifuta haikujulikana kicheko kiliishia wapi.

"Katibu," akasema alipopata pumzi, "futa hiyo ajenda. Andika mwenyekiti ameingia ndani."

Mzee Siméon akaandika, na saa pia akaiandika.

Wakati wa kutoka ndipo ikagundulika kwamba raba moja haipo. Nyingine ilikuwa imetafunwa, sponji zimetapakaa hadi mferejini, na mbwa wa Doto amelala mbali akijifanya hahusiki. Doto akaanza kuomba radhi kwa lugha mbili. Scolastica akaingia chumbani akatoka na ndala pana, laini, za bafuni.

"Vaa hizi."

"Vidole vitakuwa nje."

"Ndivyo ndala zilivyo."

Gaudensia akavaa. Wakatoka pamoja, yeye ameshika bega la Scolastica, polepole kwa sababu ya kisigino, mchana kweupe, kucha kumi zikitangulia mbele.

"Bila shaka Ambrosi ndiye aliyekuwa anazipunguza. Na nini?" akauliza Scolastica.

"Tupa."

"Ya mbao au ya chuma?"

"Ya chuma. Ya msumeno."

"Jumamosi jioni nakuja. Yule kijana wako anapiga kama anapaka siagi."

Nyumba ya pili, kijana aliyekuwa anaosha pikipiki yake akainama kumsalimia bibi kama kawaida. Akiwa bado ameinama, macho yakatua kwenye ndala, yakaganda hapo.

"Unatazama nini wewe?" akasema Scolastica. "Salimia uendelee na kazi. Hizi ziko chache sana duniani."